Aliyesoma Jana Amfundishe Anayeanza Leo



Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imetutaka sisi walimu tuandike juu ya huduma na mafundisho ya dini katika Kanisa la Kianglikana mjini Kampala, hasa upande wa Wandegeya, ambako wengi wetu tumewahi kukaa au kupita. Tumekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu historia hiyo inatuhusu sisi wakimbizi kuliko wengi wanavyodhani.

Wandegeya iko chini ya kilima cha Makerere, kando ya barabara ya Bombo, na anayeingia Kampala kwa basi kutoka Gulu hupita hapo. Ni mahali pa soko, msikiti, wanafunzi na wauza vyakula. Juu yake kipo Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye vijana 14. Katika eneo la chuo kuna kanisa la Mtakatifu Francis la Waanglikana na la Mtakatifu Augustine la Wakatoliki. Si mbali kutoka hapo ni kilima cha Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana.

Mgeni akiona majengo hayo atafikiri kuwa Kanisa lilianza na matofali. Sivyo. Lilianza na kusoma.

Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, na Alexander Mackay akafika Novemba 1878. Hawakuwa na kitabu cha Kiganda, hivyo mwanzoni walitumia Kiswahili. Waislamu walikuwa wametangulia kufundisha watu wa ikulu kusoma, na baadhi ya wanafunzi wao waliuawa mwaka 1876 kwa kushika imani yao. Aliyejiunga na dini aliitwa msomaji. Hata leo neno la Kiganda okusoma lina maana ya kusoma na pia ya kusali. Waanglikana wa kwanza, watu 5, walibatizwa tarehe 18 Machi 1882.

Kisha mateso yakaja. Tarehe 31 Januari 1885 vijana 3 waliuawa. Mwaka huohuo liliundwa baraza la wazee wa Kanisa, wote wenyeji, ili wasomaji waweze kujiongoza ikiwa wageni wangefukuzwa. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo. Mwezi Oktoba 1888 wamisionari walifukuzwa, wakaenda kusini mwa ziwa, na Wakristo wenyeji wakakimbilia Kabula, katika nchi ya Ankole. Waanglikana na Wakatoliki walikuwa huko pamoja, wakiongozwa na wenzao, mpaka waliporudi nyumbani miaka ya 1889 na 1890.

Ndugu, hao walikuwa wakimbizi kama sisi. Kanisa tunaloliona likiwa na kengele na minara liliwahi kukaa uhamishoni, bila mchungaji wa kigeni na bila jengo. Halikufa, kwa sababu waliojua kusoma walikuwa wengi kuliko mmoja.

Waliporudi, kazi iliendelea kwa njia hiyohiyo. Januari 1891 Askofu Tucker aliwapa walei 6 kibali cha kufundisha. Baadaye nyumba ndogo za kusomea, za matete na nyasi, zilienea vijijini. Watu waliziita sinagogi. Kwa kawaida mtu hakubatizwa mpaka aweze kusoma Injili, isipokuwa wazee sana na vipofu. Aliyekwisha kujifunza alitumwa kijiji kingine, ingawa elimu yake ilikuwa ndogo. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta.

Mwaka huohuo mmoja wa walimu hao, Apolo Kivebulaya, alivuka Semliki mpaka Boga, ambako sasa ni Kongo. Mwaka 1898 alifungwa minyororo kwa kusingiziwa kifo cha dada yake mtemi Tabaro, akaachiliwa, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Vitabu vya kwanza huko vilikuwa vya Kinyoro. Kiswahili kilipoanza kutumika zaidi, makabila mengine nayo yalipata nafasi, na mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi. Sisi tunaotoka Ituri tunajua mti huo ulipandwa na nani.

Katika parokia za Kampala huduma bado hugawanywa vivyo hivyo. Mchungaji hawezi kufanya yote. Kuna walimu wa shule ya Jumapili, darasa la ubatizo na kipaimara, kwaya, vijana, na Umoja wa Akina Mama, ulioanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Akina mama hutembelea wagonjwa, huombea wafiwa na kufundisha malezi ya watoto. Darasani mwanafunzi hujifunza Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na Amri Kumi, akijua kwamba kesho atawaeleza wengine.

Hapa kambini tumezoea kusema: tusubiri turubai, tusubiri mchungaji, tusubiri mfadhili. Tukisubiri hivyo, watoto watakua bila kusoma na bila imani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye asipokuja, mwenyeji asikae na njaa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila atakayemaliza darasa la kipaimara achukue wanafunzi wawili wanaoanza. Pili, mafundisho yatolewe kwa Kiswahili pale ambapo watoto wa makabila mengi wanakaa pamoja, na lugha ya mama itumike nyumbani ili isipotee. Tatu, majirani wa madhehebu mengine na Waislamu wakaribishwe katika masomo ya kusoma na kuandika.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunasema kwa heshima: mnapohesabu shule, hesabuni pia benchi zilizo chini ya mwembe siku ya Jumamosi. Darasa hilo huitwa jambo la dini, na ni kweli. Lakini mama wa miaka 50 anayejifunza kuandika jina lake hapo hana darasa lingine. Chaki na daftari chache zingemsaidia sana.

Wakimbizi wa Kabula walirudi na kujenga. Sisi hatujui siku ya kurudi kwetu. Tunachojua ni kwamba siku hiyo watahitajika watu wanaojua kusoma na wanaoweza kufundisha, na watu hao wanaandaliwa sasa.

Mungu awabariki nyote.