Nani Anayekalia Kifua Usiku wa Manane?

Soranus wa Ephesus, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2, alishikilia hoja iliyopingana na imani ya watu wengi wa zama zake: kile kinachomkalia mtu kifuani usiku si mungu wala nusu mungu, ni maradhi. Maandishi yake juu ya suala hilo yamepotea. Tunayajua kwa sababu Caelius Aurelianus aliyaweka katika Kilatini karne kadhaa baadaye, wakati mjadala ulikuwa bado haujaisha.

Haujaisha hata leo, ila washtakiwa wamebadilika. Wamepita pepo, tumbo, damu, moyo, matamanio na ubongo, kila mmoja kwa zamu yake, huku malalamiko yakibaki yaleyale. Mtu amelala salama, hana ndoto anayoikumbuka. Ghafla anazinduka, moyo unamwenda mbio, kifua kimebana, jasho linamtoka, pumzi haitoshi, na moyoni ana yakini kwamba anakufa. Baada ya dakika chache hali inatulia. Kinachobaki ni kuogopa kitanda.

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tuyatenganishe mambo mawili ambayo historia iliyachanganya kwa karne nyingi. Mtu aliyekabwa na jinamizi ameamka, anaona chumba chake, lakini mwili umekataa: hawezi kuinua kidole wala kuita jina la mama yake. Aliyepatwa na mshtuko wa hofu usingizini anaweza kusogea, tena kwa kasi. Ndiye anayekurupuka kitandani akakimbilia dirishani kutafuta hewa, au akamwamsha mwenzake usiku wa manane atafute gari la kwenda hospitali. Matabibu wa kale waliwasikiliza wote wawili na kuwapa jina moja, na mara nyingi dawa moja.

Dawa hiyo ilitokana na hukumu dhidi ya tumbo. Al-Akhawayni wa Bukhara, aliyefariki karibu na mwaka 983, aliwaandikia wanafunzi wa tiba kitabu kwa Kiajemi. Humo alieleza kwamba hali hiyo, aliyoiita kabusi, hutokana na mvuke unaopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Alishauri mgonjwa atolewe damu na apunguziwe chakula, akaonya kwamba ikizoeleka inaweza kutangulia kifafa. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na mji huohuo, aliiweka kabusi katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, miongoni mwa maradhi ya kichwa. Kwa hiyo katika ulimwengu wa Kiislamu wa zama zile mtu aliweza kusoma Ayatul Kursi kabla ya kulala na bado akamwona tabibu asubuhi, wala hakuna aliyeona mgongano. Bibi anayemkataza mjukuu kushiba ugali kisha kwenda kulala papo hapo yumo katika mkondo huohuo wa fikra, na si wa kuchekwa. Asidi ya tumbo inayopanda kooni usiku humwamsha mtu akiwa na kifua kinachowaka na hofu ya moyo kusimama. Kati ya washtakiwa wote, tumbo halijawahi kuachiwa huru kabisa.

Ulaya ilichelewa kidogo kumwondoa shetani mashtakani. Mwaka 1664 daktari Mholanzi Isbrand van Diemerbroeck alichapisha kisa cha mwanamke wa miaka 50, mwenye afya, aliyeamini kwamba usiku shetani humlalia. Daktari aliandika kisa hicho kama anavyoandika habari ya jipu au homa. Mwaka 1753 daktari John Bond alitoa kitabu kizima juu ya jinamizi, na tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba yeye mwenyewe lilikuwa likimtesa. Alilaumu damu inayotuama mtu akilala chali. Maelezo yake kuhusu damu hayakudumu, lakini kuhusu kulala chali aligusa jambo, kwa kuwa watafiti wa leo nao wanakuta kwamba jinamizi huja zaidi kwa mlalo huo. Ule mchoro maarufu wa Henry Fuseli, wa mwaka 1781, wenye kijitu kilichochutama juu ya mwanamke aliyelala, uliirudisha picha ya pepo kwa nguvu kuliko kitabu chochote cha daktari kilivyoweza kuifuta.

Kisha moyo ukapandishwa kizimbani, na waliouleta ni askari. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Jacob Mendes Da Costa wa Philadelphia alichapisha mwaka 1871 ripoti juu ya wanajeshi 300. Walilalamika kwamba moyo unadunda ovyo, kifua kinauma, pumzi inakatika na usingizi ni wa mang'amung'amu. Alipowapima, wengi wao hakuwakuta na ugonjwa wa moyo wa kutosha kueleza mateso hayo. Aliuita huo moyo unaochokozeka. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, maelfu ya askari wa Uingereza walirudi na malalamiko hayohayo, hali ikapewa jina jipya, na maelezo hayakuwa bora sana kuliko ya mwanzo.

Huyu mshtakiwa wa kifuani ndiye anayetawala hadi leo katika miji yetu. Mtu wa Tandika au Kayole akizinduka hivyo saa nane za usiku hasemi ana hofu. Anasema presha imepanda. Anafika kituo cha afya, anapimwa, anaambiwa huna kitu, anarudi nyumbani akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyokwenda. Kumwambia mtu aliyekuwa anakufa saa moja iliyopita kwamba hana kitu ni majibu mabaya, hata kama vipimo ni sahihi.

Sigmund Freud, mwaka 1895, alifanya kazi moja nzuri na moja mbaya katika makala ileile. Nzuri ni kwamba aliitenga hofu kama ugonjwa unaojitegemea, akaorodhesha sura zake, na kati ya hizo akataja wazi watu wazima wanaozinduka usiku kwa fadhaa, jasho na kukosa pumzi. Mbaya ni kwamba alikimbilia kuyalaumu mambo ya ndoa. Mwanafunzi wake Ernest Jones akaendeleza mashtaka hayo katika kitabu cha mwaka 1931, akidai kwamba nyuma ya jinamizi yamejificha matamanio yaliyokandamizwa. Ni kitabu cha msomi hodari, na sikiamini.

Mwelekeo ulibadilika kwa njia ambayo haikutarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Hospitali ya Hillside jijini New York, daktari Donald Klein aliwapa baadhi ya wagonjwa dawa mpya iitwayo imipramini. Aliona kwamba wale waliokuwa wakikimbilia chumba cha wauguzi mara kwa mara wakisema wanakufa waliacha kukimbia, ingawa waliendelea kuwa na wasiwasi wa kawaida. Kumbe mshtuko wa ghafla na wasiwasi wa siku nzima ni vitu viwili. Hoja hiyo ilichukua takriban miaka 20 kukubalika, hadi mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1980 ulipoupa mshtuko wa hofu nafasi yake. Wakati huohuo Valium, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ilikuwa imeshazoeza mamilioni ya watu kumeza kidonge na kulala. Inatuliza kweli, lakini ikitumiwa mfululizo mwili huidai, na anayeiacha ghafla hurudiwa na hofu kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

Maabara za usingizi ndizo zilizotatua fumbo la jinamizi. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una kipindi ambacho macho hucheza kwa kasi chini ya kope. Baadaye ilijulikana kwamba ndoto kali huotwa zaidi katika kipindi hicho, na kwamba misuli hulegezwa ili mwotaji asiinuke akatenda anachokiota. Jinamizi ni mtu kuamka kabla mwili haujafunguliwa. Mwaka 1968 Roger Broughton alionyesha kwamba mayowe ya watoto wanaokurupuka usiku bila kukumbuka chochote hutoka mahali pengine, katika usingizi mzito usio wa ndoto. Na mwaka 1989 Thomas Mellman na Thomas Uhde waliwalaza wagonjwa wa mishtuko ya hofu wakiwa wamefungwa nyaya kichwani, wakakuta kwamba mshtuko wao hauanzi kwenye ndoto. Huanza mtu anapovuka kutoka usingizi mwepesi kwenda mzito, pale mwili unapotulia kabisa.

Matokeo hayo yalishangaza. Kama hofu ni zao la mawazo, anayewaza ni nani saa hiyo? Klein alipendekeza mwaka 1993 kwamba ubongo una king'ora cha kukosa hewa, na kwa watu hawa hulia bila sababu hewa chafu inapoongezeka kidogo katika damu. David Clark wa Oxford alikuwa ameshasema, tangu 1986, kwamba kinachougeuza mdundo wa moyo kuwa janga ni tafsiri: mtu anahisi moyo, anasema nakufa, hofu inauongezea moyo kasi, na kasi hiyo inathibitisha kifo. Kwa anayezinduka usiku, tafsiri huja ile nukta anayofumbua macho, kabla hajajua yuko wapi.

Ushahidi mzito kuhusu uzito wa tafsiri ulitoka kwa wakimbizi. Kuanzia 1977, vijana wa Kihmong waliokimbia Laos baada ya vita na kuhamishiwa Marekani walianza kufa usingizini, wanaume wenye afya ambao hata uchunguzi wa maiti haukueleza kilichowaua. Mwaka 1981 ndio uliokuwa mbaya zaidi, na kufikia mwishoni mwa muongo huo vifo vya aina hiyo kati ya wakimbizi wa Asia ya Kusini-Mashariki vilipita 100. Magazeti yaliyoripoti vifo hivyo ndiyo yaliyompa mwongozaji wa filamu Wes Craven wazo la filamu yake ya kutisha ya mwaka 1984. Wahmong wenyewe walimtaja dab tsog, pepo anayekandamiza kifua. Mtafiti Shelley Adler, aliyewahoji kwa miaka, alieleza jambo la kuhuzunisha: ugenini watu hawa walibaki na pepo wakiwa wamepoteza kinga. Waganga walikuwa wametawanyika, mifugo ya kuchinja hairuhusiwi ndani ya nyumba za kupanga, na wengine walikuwa wamebadili dini wakahisi mababu wamewaacha. Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza hitilafu ya umeme wa moyo inayoweza kuua mtu akiwa amelala, na hitilafu hiyo ni ya kawaida zaidi Asia. Adler hakukataa. Alisema moyo dhaifu ulihitaji usiku wa hofu kuukamilishia kazi. Ndiyo maana neno kwamba mshtuko wa hofu hauui, ambalo ni kweli, lisisemwe kabla ya moyo kupimwa angalau mara moja, hasa kwa mtu aliyewahi kuzimia au mwenye ndugu aliyekufa ghafla. Anayekoroma na kukatika pumzi naye apimwe, maana huyo kweli anakosa hewa.

Kwetu pwani tuna kisa chetu. Pepo aitwaye Popobawa alisikika Pemba miaka ya 1960, akarudi kwa kishindo mwaka 1995 na kuvuka hadi Unguja, na 2007 habari zake zikaenea Dar es Salaam. Watu walisimulia kukandamizwa, kukosa pumzi, kushindwa kupiga ukelele, na kuingiliwa. Familia zilitoka nje, zikakesha pamoja kando ya moto. Kuna wasomi wanaosoma humo siasa tupu, kwa kuwa 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, na si bahati mbaya kwamba hofu ilipanda wakati ule. Lakini siasa haimkabi mtu koo saa tisa usiku. Kilichokaba kilikuwepo zamani; uchaguzi ulikipa jina na miguu ya kutembelea. Na hofu hiyo ilikuwa na gharama: Zanzibar, mwaka huohuo, kundi la watu lilimuua mgonjwa wa akili, mgeni aliyekuwa amefuata matibabu, wakidhani ndiye Popobawa.

Sharti moja la Popobawa halipewi uzito unaostahili. Ilisemekana kwamba aliyetembelewa lazima awaeleze wengine, la sivyo atarudi. Hili linakwenda kinyume na adabu tuliyofundishwa na hadithi za Mtume, kwamba aliyeota ndoto mbaya ateme mate kidogo kushotoni, ageuze ubavu, amwombe Mungu kinga na asiisimulie. Kwa ndoto, adabu hiyo ina busara yake, maana ndoto ikisimuliwa hukua. Mshtuko usio na ndoto ni jambo jingine, kwa sababu unaishi kwa kutojulikana, na aibu ya mwanamume mzima kukiri kwamba aliogopa ndiyo inayoulisha.

Mwaka uleule wa 1995, huko Marekani, Michelle Craske na mwenzake Freed walichapisha jaribio. Wagonjwa waliozoea kushtuka usiku waliambiwa kwamba wakiwa wamelala watasikia mlio unaoashiria mabadiliko katika miili yao. Kundi moja lilielezwa kabla ya kulala kwamba mabadiliko hayo yanatarajiwa na ni ya kawaida. Jingine liliachwa liamini kwamba si ya kutarajiwa. Mlio ulipowaamsha, waliotarajia waliogopa kidogo kuliko wenzao.

Tiba iliyokua kutokana na kazi za akina Clark na Craske hufanyika mchana, na kwa anayeitazama kwa mara ya kwanza ni kioja. Mtu mzima anaambiwa apumue harakaharaka kwa dakika moja, azunguke kwenye kiti mpaka ashikwe na kizunguzungu, apande ngazi mbio mpaka moyo umpige mbavuni. Haambiwi ajitulize. Anaambiwa akae na mdundo huo aone unaishia wapi, kisha arudie kesho, na keshokutwa, mpaka mwili wake mwenyewe uache kuwa habari mbaya. Usiku ukimkuta, anakaa kitako, anatoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, anangoja, na anarudi kitandani kilekile. Akihamia kwenye kochi na taa inawaka, kesho yake kitanda kitaogopesha zaidi. Haruhusiwi kukesha ili kuukwepa mshtuko, kwa kuwa mwili ulionyimwa usingizi hushtuka kirahisi zaidi, wala kulewa ili alale, kwa kuwa pombe ikiisha mwilini alfajiri ndiyo humwamsha, na moyo wake ukiwa mbioni.