Mtoto Huyu Si Kasuku

Juma hili, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze habari ya neno moja dogo: "ndiyo".

Mwaka 1938 mtoto wa miaka mitano, Donald Triplett, alitolewa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani, akapelekwa Baltimore kwa Daktari Leo Kanner. Baba yake alikuwa amemfundisha kusema "ndiyo" kwa kumwahidi kwamba akilitamka atambeba mabegani. Mtoto akashika. Lakini kwake "ndiyo" ikawa na maana ya "nibebe mabegani", basi, na ilichukua miezi mingi kulibandua neno hilo kwenye mabega ya baba. Alipotaka kuoga alisema, "Unataka kuoga?", vile vile alivyozoea kuulizwa. (Huyu huyu alikuja kuhitimu chuo, akafanya kazi benki na kuendesha gari. Alifariki 2023, ana miaka 89.)

Mwaka 1943 Kanner alichapisha habari za watoto 11, Donald akiwa wa kwanza. Ndiyo hali tunayoiita leo usonji. Wanane walikuwa wakisema, watatu hawakusema. Hukumu ya daktari ilikuwa kali: kwa upande wa kuwasiliana na watu, hakuna tofauti ya msingi kati ya wale wanane na wale watatu. Kurudia tu, kama kasuku.

Mimi naona hapo aliharakisha. Na mwaka 1946 yeye mwenyewe akaandika mengine. Alikuwapo mtoto ambaye kila akiona sufuria hutamka maneno ya shairi la watoto. Upuuzi mtupu, ungesema. Kumbe siku moja, mtoto akiwa na miaka miwili, mama alikuwa jikoni akimghania shairi lile, sufuria ikamponyoka. Tangu hapo sufuria na shairi vikawa kitu kimoja.

Ufunguo wa maneno yale ulikuwa jikoni kwa mama. Ajabu ni kwamba akina mama hao hao ndio waliobebeshwa lawama. Kanner alitia mkono wake, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akatoa kitabu kizima cha kuwashutumu wazazi. Ni uchunguzi wa mapacha wa Susan Folstein na Michael Rutter, mwaka 1977, ulioonyesha kwamba urithi wa damu una nguvu kubwa katika jambo hili. Wangapi walikuwa wamekwisha lia usiku kucha bure!

Miaka hiyo walimu wengi walikuwa wakijitahidi kuukomesha mwangwi huo wa watoto. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan wakatoa matokeo yao: waliwarekodi kwa video watoto wanne, wakapima kila mwangwi pamoja na macho, mikono na yaliyotokea baadaye. Wakakuta una kazi saba. Mtoto huushika ili apokee zamu yake ya kuzungumza, aombe kitu, ajiongoze mwenyewe anapotenda jambo. Na mojawapo ya hizo saba ni kukubali.

"Unataka chai?"

"Unataka chai?"

Huyo ameshajibu ndiyo. Chai na iletwe.