Kubadilisha Injini Kaskazini Mashariki: Kutoka Kabureta hadi Kompyuta

Kung'oa injini ya gari kuukuu na kupachika nyingine, mara nyingi ya kampuni tofauti kabisa, ni kazi ya siku nyingi katika gereji za Garissa, Wajir na Mandera. Sababu zake ziko katika nchi yenyewe. Hewa kavu huhifadhi chuma, kwa hiyo bodi na chesisi haziliwi na kutu kama zinavyoliwa Mombasa au Lamu. Injini ndiyo inayoteseka: vumbi jembamba hupenya kwenye chujio la hewa na kusaga silinda, na joto la mchana, ambalo Garissa hupita nyuzi 35 kwa sehemu kubwa ya mwaka, huchosha mafuta ya kulainisha na kuchemsha rejeta. Gari hufika mahali ambapo mwili wake ungali na miaka mingi ya kazi lakini moyo umechoka. Garissa iko kiasi cha kilomita 365 kutoka Nairobi, na Mandera iko zaidi ya kilomita 1,000. Anayemiliki gari huko hupima kila injini kwa swali moja: ikizima njiani, nani ataiwasha?

Injini za kwanza kufika kwa wingi zilikuja na vita. Mwaka 1940 na mapema 1941 majeshi ya Uingereza na washirika wake yalikusanyika ukingoni mwa mto Tana, na Garissa ikawa mojawapo ya vituo vya kuishambulia Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Kikosi cha Afrika Kusini kilileta malori ya Ford na Chevrolet pamoja na magari ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyojengwa juu ya chesisi ya Ford na kuendeshwa kwa injini ya V8 ya petroli. Kismayu ilianguka Februari 14, 1941. Vita hivyo vilionyesha kuwa nchi iliyovukwa kwa ngamia ingeweza kuvukwa kwa gari, na pia kwamba petroli na joto la nyika havipatani.

Ugomvi huo ulirithiwa na Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na kuwa gari la maofisa wa utawala na polisi wa wilaya za mpakani. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyotoka mwaka 1958, ilikuwa imara na rahisi kufunguliwa. Hata hivyo, kama injini nyingi za kabureta za wakati huo, ilivuta mafuta kwa pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini yenyewe, yenye shinikizo dogo sana. Gari likisimama juani baada ya safari ndefu, petroli huchemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke. Pampu hubaki ikisukuma mvuke, kabureta hukauka, injini hukataa kuwaka. Dawa ya madereva ilikuwa kulowesha kitambaa na kuifunga pampu, yaani kutumia maji ya kunywa mahali ambapo kisima kinachofuata kinaweza kuwa mwendo wa siku nzima.

Mageuzi makubwa ya kwanza yakawa kuhama kutoka petroli kwenda dizeli. Kampuni ya Perkins ya Uingereza ilikuwa na injini ya silinda 6, P6, tangu mwaka 1937, na injini hiyo ilipachikwa kwa wingi badala ya injini za petroli katika malori kama Bedford. Land Rover nayo ilipata dizeli yake mwaka 1957. Dizeli haina plagi za cheche, koili wala distribyuta, na hula mafuta kidogo kuliko petroli kwa mzigo uleule. Inafaa kukumbuka kwamba dizeli ni injini ya kunyunyiziwa mafuta tangu kuzaliwa kwake: pampu huyasukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli, na nozeli huyapuliza ndani ya silinda. Kwa hiyo mafundi wa Kaskazini walizoea kunyunyizia mafuta miaka mingi kabla teknolojia hiyo haijaingia katika magari madogo ya petroli. Walichozoea ni pampu ya chuma inayozungushwa na gia za injini, pampu inayoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurekebishwa kwa spana.

Kuanzia miaka ya 1970 injini za Kijapani zilichukua nafasi ya zile za Kiingereza. Malori ya Isuzu yaliunganishwa Nairobi na General Motors Kenya, kampuni iliyobadili jina kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017, na dizeli za Isuzu zikaanza kuingia kwenye Land Rover ambazo injini zake za asili zilikuwa zimekwisha. Kisha Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984, na mwaka 1990 ikapewa injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6 na pampu ya kimakanika isiyo na kompyuta hata moja.

Bahati ya injini hiyo ilifungamana na historia ya eneo. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilivunjika, kambi ya Ifo ikafunguliwa Dadaab, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser nyeupe zenye 1HZ, na injini hiyo ikawa kipimo cha ubora katika mkoa mzima. Mafundi waliijua hadi kwenye nati ya mwisho. Katika miaka ambayo magari yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi, gari lililoachwa nyuma kwa hitilafu lilimweka mwenyewe hatarini, na injini isiyozima ilikuwa suala la usalama wa roho.

Upande wa petroli ulibadilika kwa sababu za kiuchumi. Kenya ilipolegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni mwaka 1993, magari yaliyotumika kutoka Japani na Dubai yalimiminika bandarini Mombasa. Pamoja nayo zilikuja injini zilizotumika, na hata nusu za magari zilizokatwa zikiwa na injini, gia boksi, nyaya na kompyuta yake. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ikawa soko kuu la vipuri hivyo, na wafanyabiashara Wasomali wenye jamaa Dubai na Sharjah waliweza kuagiza moja kwa moja. Japani ilikuwa ikiiacha kabureta, kwa hiyo injini ya bei nafuu iliyopatikana sokoni mara nyingi ilikuwa ya EFI, yaani ya petroli inayonyunyiziwa kwa umeme. Mwenye Corolla ya kabureta hakuhitaji kuipenda teknolojia mpya ili aipate.

Kwa Corolla za mwisho wa miaka ya 1980 kazi haikuwa ngumu sana, kwa kuwa Toyota ilitengeneza injini ileile kwa namna mbili, 4A-F ya kabureta na 4A-FE ya kunyunyizia, na mauntingi zake zilikubaliana. Corolla DX ya zamani ilisumbua zaidi: injini yake imelala kwa urefu na kuendesha magurudumu ya nyuma, ilhali injini nyingi mpya zilipangwa kwa upana na kuendesha ya mbele, hivyo nyumba ya klachi na sampu ya oili vilihitaji kutafutwa upya.

Kuinua injini na kuishusha ni sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu ngumu ni mafuta na nyaya. Mfumo wa EFI unataka pampu ya umeme, kwa kawaida ndani ya tangi, inayotoa shinikizo la takriban bar 3. Unataka bomba la pili la kurudisha mafuta ya ziada tangini, chujio la shinikizo, na mpira usiopasuka; bomba la zamani la kabureta likiachwa, huvuja karibu na egzosi na kuwasha moto. Kisha nyaya zote za injini hufuatwa moja baada ya nyingine hadi kwenye kompyuta, zikitenganishwa na zile za taa na mlango ambazo hazina kazi tena. Fundi anayekata nyaya bila kuziwekea alama hujiongezea siku kadhaa za mateso.

Malipo ya kazi hiyo yalionekana juani. Petroli iliyo chini ya shinikizo huchemka kwa shida, na mafuta yanayozunguka kurudi tangini hayakai kwenye bomba hadi yapate moto. Lile tatizo la mvuke lililowatesa wenye Land Rover likatoweka karibu lote. Ni kosa, basi, kudhani kwamba umeme haufai nyika. Katika petroli ulifaa kuliko kabureta.

Kizuizi kimoja kilikuwa ndani ya mafuta. Madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli hufunika sensa ya oksijeni na kuua kichujio cha moshi, na injini iliyotoka Japani ikiwa nzima ilianza kula mafuta kupita kiasi. Nchi za Kusini mwa Sahara ziliahidi katika azimio la Dakar la mwaka 2001 kuiondoa risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 Kenya ilikuwa imeiacha.

Kizuizi kingine kilikuwa ujuzi, na hapa mafundi walipata msaada kutoka kwa Toyota bila kutarajia. Magari yake ya miaka ya 1990 yana kisanduku kidogo chini ya boneti chenye tundu zilizoandikwa TE1 na E1. Zikiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi kufunguliwa, taa ya injini kwenye dashibodi huwaka na kuzima kwa idadi maalumu, na idadi hiyo hutaja sensa yenye kasoro. Kipande cha waya kilitosha kufanya kazi ya mashine ya kupimia. Ufundi wa EFI ulienea mashambani kwa sababu ya uwazi huo, na ulikwama palepale magari mapya yalipoanza kudai kompyuta ya kusomea makosa.

Katika dizeli mambo yalikwenda kinyume. Injini ya 1KZ-TE ya lita 3, iliyokuja na Hilux Surf ya mwaka 1993, ilikuwa na tabo na nguvu ambazo dizeli za zamani za Hilux hazikuwa nazo. Kwa pickup za miraa, ambayo hupoteza thamani baada ya takriban siku mbili, kasi ni pesa. Lakini pampu yake inaongozwa kwa umeme. Wapo mafundi walioamua kuichukua injini na kuikataa kompyuta: waliiondoa pampu ya umeme na kufunga ya kimakanika, kama ile ambayo Toyota yenyewe iliiweka kwenye toleo la 1KZ-T. Uamuzi huo haukutokana na ujinga. Ulipoteza nguvu kidogo na kuongeza moshi, ukarudisha uwezo wa kutengeneza gari kwa spana chini ya mti wa mgunga.

Injini zilizofuata, kama 1KD-FTV, hazitoi nafasi hiyo. Zinatumia reli moja ya pamoja yenye shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na nozeli zake huharibiwa na uchafu usioonekana kwa macho. Usalama wake umetegemea ubora wa dizeli: kiwango cha salfa kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni katika Afrika Mashariki mwaka 2015, na mwaka 2018 Kenya ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli. Maji nayo ni adui mpya. Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara ya Garissa ilikatika upande wa Madogo. Pampu ya kimakanika hukaushwa na kuwashwa tena, ilhali kompyuta iliyolowa matope mara nyingi hutupwa.

Kisheria, namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku pamoja na ya chesisi, na anayebadilisha injini hutakiwa kuijulisha mamlaka ya usajili, ambayo tangu sheria ya mwaka 2012 ni NTSA. Gari lisilosajiliwa upya hukwama linapouzwa, na hukwama vilevile kwenye vizuizi vya polisi kati ya Garissa na Nairobi, ambako namba ya kwenye chuma inaweza kulinganishwa na ile ya kwenye karatasi.