Beryl wa Njoro, na yule rafiki ambaye hamumtaji

Watu wakijua niliacha chuo, wananitumia zile posti za "walioacha masomo wakatoboa." Juzi moja ilikuwa na picha ya Beryl Markham. Msichana wa Njoro aliyefukuzwa shule Nairobi, akawa rubani, akavuka Atlantiki peke yake. Halafu chini: "Cheti si kitu, ni bidii tu." Wasee, bidii alikuwa nayo. Lakini hiyo posti imeruka nusu ya stori.

Alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka minne. Babake, Charles Clutterbuck, alichukua shamba Njoro, akaweka kinu cha unga na mashine ya mbao, lakini moyo wake wote ulikuwa kwa farasi wa mbio. Mamake alirudi Uingereza. Kwa hivyo Beryl akakulia kwa mazizi na porini, pekupeku, akiwinda na vijana wa hapo. Kitabuni mwake anawaita Wanandi. Walioandika maisha yake wanasema walikuwa Wakipsigis, na najua hapo mtabishana mpaka asubuhi. Beshte yake wa kufa kuzikana alikuwa kijana anaitwa Kibii. Walicheza pamoja, wakajifunza mkuki pamoja, wakatembea bega kwa bega.

Kisha ukame ukaja, babake akafilisika, akaenda Peru kufundisha farasi huko. Beryl akabaki. Alikuwa na miaka kumi na minane hivi, mfukoni hakuna kitu, lakini alikuwa na ujuzi wa babake na jina la babake. Akaomba leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio, akapewa, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Akaanzia Molo. Baadaye akahamia uwanja wa mbio wa hapa Nakuru, na anasimulia kwamba alilala chini ya jukwaa la watazamaji, farasi wake wakiwa karibu. Hiyo ni hasla ya ukweli, siwezi kumnyima.

Sasa angalia mwaka. Leseni yake ni ya karibu 1920. Ni wakati huo huo serikali ya mkoloni ilikuwa inaanza kuwavisha wanaume Waafrika kipande, kile kitambulisho cha kuwekwa kwenye kijikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Bila hicho huendi popote, na mwajiri wako anaandika humo umefanya kazi wapi na kwa malipo gani. Ardhi ya Njoro, Molo na Nakuru ilikuwa ya Wazungu pekee. Msichana mmoja anapewa karatasi ya kumfungulia mlango. Vijana aliokua nao wanapewa karatasi ya kuwafunga.

Na hapa ndipo Kibii anarudi. Anamfuata Beryl huko Molo usiku, sasa ni mtu mzima, ametahiriwa, anaitwa arap Ruta. Anataka kazi. Beryl mwenyewe anaeleza kwamba kijana aliyekuwa anamwita kwa jina sasa anamwita memsaab, na wakitembea njiani anabaki nyuma yake. Manze, niliposoma hapo niliweka simu chini. Kwa sababu Beryl aliona. Aliumia hata. Lakini baada ya kuona, aliendelea kutembea mbele.

Ruta akawa saisi wake na mkono wake wa kulia. Mbio kubwa ilikuja 1926, St Leger ya Nairobi. Anavyosimulia, farasi wake bora, Wrack, alichukuliwa na mwenyewe wiki kumi na mbili kabla ya mbio na kupelekwa kwa mkufunzi mwingine. Akabaki na jike mwenye miguu mibovu, Wise Child. Wiki hizo zote ni kukanda miguu, kufunga bendeji, kumkimbiza kidogo tu asije akavunjika. Siku ya mbio Wise Child akamshinda Wrack. Aliyeshikilia kombe anajulikana. Unadhani ni nani alikuwa zizini saa kumi alfajiri na yeye?

Kuhusu ndege nitaenda haraka, kwa sababu hiyo ndiyo kila mtu anajua. Alijifunza kuruka, akapata leseni 1931, akabeba barua, abiria na wawindaji wa ndovu. Ruta akatoka kwa farasi akamfuata hadi kwa ndege. Usiku wa Septemba 4, 1936 Beryl akaondoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Baada ya saa ishirini na kitu injini ikakosa mafuta, akatua kwenye tope Nova Scotia, Kanada. Mwanamke wa kwanza kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini peke yake bila kusimama, akipigana na upepo. Heshima.

Lakini ukipima kwa miaka, ndege ilikuwa kipindi kifupi. Kazi yake ilikuwa farasi. Alirudi Kenya akiwa karibu hamsini, akaanza upya, kwa muda akiwa na mazizi kando ya Ziwa Naivasha, na akashinda Kenya Derby mara kadhaa kwenye umri ambao wengi wanapanga kustaafu. Alifia Nairobi 1986, na miaka hiyo ya mwisho kitabu chake cha 1942 kilikuwa kimechapishwa tena na kumrudishia jina.

Ruta yuko ndani ya hicho kitabu. Alijua farasi wale wale, alifundishwa na zizi lile lile la Njoro, na yeye pia hakumaliza shule. Hakuna anayemweka kwa posti. Yule aliyenitumia hiyo ya juzi nilimuuliza kama anamjua arap Ruta. Akanijibu, "Huyo ni nani, mkimbiaji?"