Dakika za hatari za nusu kaputi

Kila Oktoba 14 macho ya Watanzania wengi huelekea Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere. Siku mbili baadaye, Oktoba 16, dunia huadhimisha siku ya usingizi wa upasuaji, yaani nusu kaputi, kukumbuka William Morton alivyomlaza mgonjwa kwa dawa ya etha huko Boston mwaka 1846. Siku hii ya pili wengi wetu huipita kimya, ilhali kila anayepasuliwa Musoma au Bunda anaishi kwa matunda ya kazi hiyo ya Morton.

Etha ikafuatwa na klorofomu, kisha zikaja dawa za kuchoma mshipani na za kulegeza misuli. Hofu ilibaki kwenye dakika chache kati ya kupoteza fahamu na mpira wa kupumulia kukaa kooni. Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alichapisha taarifa iliyotokana na mimba 44,016: wanawake 66 walivuta vitu vya tumboni hadi mapafuni wakiwa usingizini.

Jibu lililopata sifa lilitoka London. Mwaka 1961, katika jarida la The Lancet, Brian Sellick alishauri msaidizi abonyeze kwa vidole pete ya gegedu iliyo chini ya kikoromeo, ili umio ubanwe na chochote kisipande. Alikuwa na wagonjwa 26 tu. Kwa watatu, vidole vilipoachiliwa baada ya mpira kuingia, vitu vya tumboni vilipanda kooni papo hapo. Mbinu hiyo ikaenea duniani.

Ndipo ubishi ukapamba moto: mgonjwa apuliziwe hewa kwa barakoa na mfuko akisubiri mpira, au aachwe? Sellick aliona inawezekana, maadamu vidole vimebana. Wengine wakaogopa hewa kujaza tumbo na kusukuma matapishi juu, na desturi ya kutompulizia mgonjwa ikashika mizizi.

Mwaka 2019 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa mahututi 401 uliitikisa desturi hiyo. Oksijeni ya damu ilishuka chini ya asilimia 80 kwa asilimia 10.9 ya waliopuliziwa, na kwa asilimia 22.8 ya wasiopuliziwa. Kuvuta matapishi hakukuonekana kuongezeka, ingawa waliokuwa na hatari kubwa ya kutapika hawakuhusishwa. Nao utafiti wa Ufaransa kuhusu mbinu ya Sellick, kwa wagonjwa 3,472, ulikuta walioingiwa na vitu vya tumboni mapafuni ni asilimia 0.6 kwa waliobonywa na 0.5 kwa waliobonywa kwa kuigiza tu. Hata hivyo haukutosha kuthibitisha kwamba kuacha kubonyeza ni salama vilevile.

Lisilobishaniwa ni oksijeni ya kabla ya usingizi. Mtu mzima mwenye afya akiivuta vizuri kwa dakika tatu hujipatia akiba ya dakika kadhaa; mjamzito na mtoto huishiwa upesi zaidi.

Musoma leo ina Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulisuasua kwa miongo kadhaa. Tujivunie majengo, lakini jengo halimpulizii mgonjwa. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zipange bajeti ya mitungi ya oksijeni iliyojaa, mashine ya kunyonya matapishi, kipima oksijeni cha kidoleni na mtaalamu wa usingizi aliyefunzwa. Nawe msomaji, ukiambiwa usile kabla ya upasuaji, usile; na kama umekula, sema ukweli.