Uwanja wa Watu 158: Historia ya Mpira Mdogo na Mpira Mkubwa Juba

Ndala mbili upande huu, ndala mbili upande ule, na soksi kuukuu iliyoshindiliwa mifuko ya nailoni, ikazungushiwa kamba mpaka ikawa ngumu. Mechi imeshaanza. Hakuna refa, hakuna kuotea, hakuna anayetazama saa. Timu ikifungwa inatoka, iliyokuwa inasubiri pembeni inaingia. Tanzania mchezo huu huitwa chandimu. Katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen, jijini Juba, Sudan Kusini, ambako makazi yamesongamana, mpira unaopata nafasi kwa urahisi ni wa aina hii.

Hesabu yenyewe haina huruma. Uwanja kamili wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka kila mkazi wa kambi apate angalau mita za mraba 45, pamoja na sehemu yake ya njia na huduma za pamoja. Ukigawanya, uwanja mmoja wa watu 11 kwa 11 ni ardhi ya watu 158. Uwanja wa futsal, mpira wa watu watano kwa watano, wenye mita 40 kwa 20 ni ardhi ya watu 17 tu. Mpangaji wa kambi mwenye familia zinazosubiri mahali pa kulala hana budi kuanza na familia hizo.

Na familia zilikuwa nyingi. Vita vilipozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018, maelfu ya waliokuwa wamejihifadhi kwenye kituo cha UN House walihamia Mangateen.

Ukosefu wa nafasi umewahi kuubadilisha mpira hata kwenye miji yenye amani. Sheria za kwanza za soka, zilizoandikwa London mwaka 1863, hazikutaja idadi ya wachezaji. Namba 11 iliingia katika sheria rasmi mwaka 1897. Mwaka 1930, Uruguay ilitwaa Kombe la Dunia la kwanza katika ardhi yake, na watoto wa Montevideo wakashikwa na wazimu wa mpira ilhali viwanja havitoshi. Mwalimu Juan Carlos Ceriani, aliyekuwa akifundisha YMCA mjini humo, akawaingiza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Idadi ya watu watano aliichukua kwenye kikapu, sheria za kipa kwenye polo ya majini, na vipimo vya uwanja kwenye mpira wa mikono. Huko ndiko ilikozaliwa futsal. FIFA iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo nchini Uholanzi mwaka 1989.

Kwa hiyo kuuona mpira mdogo, wa futsal au wa uchochoroni, kama mpira wa watoto wanaongoja kukua ni kuukosea haki. Katika uwanja kamili, kila mchezaji ana wastani wa mita za mraba 324. Kwenye futsal anabaki na 80, na uchochoroni anabaki na chache zaidi. Beki amekuganda mgongoni kabla hujaupokea mpira, hivyo unajifunza kuutuliza kwa unyayo, kupiga tobo, kutoa pasi ya mguso mmoja. Kila mtu anaugusa mara nyingi, na asiyejua kukaba anaonekana papo hapo, maana hana pa kujificha.

Mpira mkubwa, wa 11 kwa 11, una elimu yake nyingine. Winga lazima ajue lini akimbie na lini asubiri ili asiotee. Kiungo lazima amwone mwenzake aliye mita 50 mbele, na kipa azoee goli lenye upana wa mita 7.32, wakati la futsal lina mita tatu tu. Kuna pumzi ya dakika 90. Juu ya hayo, unadai watu. Sheria hairuhusu mechi ianze timu ikiwa na wachezaji pungufu ya saba. Wachezaji 22, refa na washika vibendera wakutane mahali pamoja, siku moja, na warudi nyumbani salama. Kwa mji uliopitia yaliyoikuta Juba, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Ndiyo maana mpira mkubwa umekuwa alama ya taifa hili tangu mwanzo. Tarehe 10 Julai 2011, siku moja baada ya uhuru, timu ya Sudan Kusini iliikaribisha Tusker ya Kenya mjini Juba, ikafungwa 3-1. Mei 2012 nchi ikapokewa FIFA, na tarehe 10 Julai mwaka huo ikatoka sare ya 2-2 na Uganda katika mechi yake ya kwanza rasmi, hapohapo Juba. Ushindi wa kwanza ulikuja Septemba 2015, bao 1-0 dhidi ya Guinea ya Ikweta.

Kati ya mipira hiyo miwili kuna njia, na wapo walioipita. Awer Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Huko alicheza pekupeku, kwa mpira wa kufunga kwa mkono. Akiwa na miaka kumi, familia yake ilihamia Australia. Juni 2022, Australia na Peru zilipopigiana penalti nchini Qatar kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, penalti ya mwisho ya Australia aliipiga yeye. Ikaingia, kipa Andrew Redmayne akaokoa iliyofuata, na Australia ikafuzu.

Lakini njia ya Mabil ilipita ng'ambo ya bahari. Watoto wa Mangateen wanastahili kuukuta uwanja wenye mistari karibu na nyumbani. Makazi ya kudumu yatakapopimwa, mita 40 kwa 20 ziwekewe mawe ya mipaka mapema, kabla nyumba hazijaifunika ardhi yote; na wakazi wa mtaa mzima wapate, hata kwa zamu, uwanja mmoja wa mita 105.