Ruta au Kipanga Njia?

Kisanduku chenye taa na antena kinachokaa juu ya kabati la televisheni kimepewa majina mengi kwa Kiswahili. Wengine huandika ruta, wengine hutamka rauta, kwa sababu Waingereza na Wamarekani wenyewe hawalitamki neno lao router kwa namna moja, nasi tumewasikia wote. Katika tafsiri za programu utakuta kipanga njia na kisambaza data. Majumbani wengi hawatumii hata moja kati ya hayo. Wanasema tu "WiFi", na intaneti ikikata, "WiFi imezingua".

Kila jina lina chembe ya ukweli. Lakini siku kompyuta inapokosa intaneti, jina ulilolizoea ndilo linalokuelekeza uanze kutafuta ubovu wapi, na mengine yanakupeleka kusiko.

Kipanga njia ni istilahi iliyoundwa vizuri. Imefuata mkondo uleule uliotupa kipaza sauti, na wingi wake, vipanga njia, unakuja bila kulazimishwa. Inaeleza pia kazi ya asili ya chombo. Mtandao wa ARPANET ulipoanza Marekani mwaka 1969, kampuni ya BBN ilitengeneza mashine zilizoitwa IMP, zikakaa kati ya kompyuta za vyuo na vituo vya utafiti, zikipokea pakiti za data na kuamua kila moja ipite wapi. Ruta kubwa za watoa huduma zinafanya hivyo mpaka leo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini-mashariki mwa Afrika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani, ilibidi data ihamishiwe kwenye njia zilizobaki. Huko kweli kuna kupanga njia. Aliyekuwa akizima na kuwasha kisanduku chake cha sebuleni siku ile alikuwa akijichosha bure.

Maana kisanduku cha sebuleni hakina njia za kupanga. Kinajua mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa mtoa huduma, na chochote kisicho cha humo ndani hurushwa huko. Kazi zake nzito ni nyingine. Kinagawa anwani za IP kwa kila kifaa kinachojiunga, kwa utaratibu uitwao DHCP. Kinazibadilisha anwani hizo za ndani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168, ziwe anwani moja inayotambulika nje, kwa kuwa anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu na vifaa vya dunia vimezidi hapo. Kinapokea maulizo ya majina ya tovuti na kuyapeleka kwenye seva za DNS. Kinarusha mawimbi ya WiFi. Katika nyumba nyingi ndicho modemu pia.

Kisambaza data, basi, linagusa kazi ya mawimbi na kuziacha nyingine gizani, na ndilo jina ninaloliona baya zaidi. Linamzoeza mtu kuamini kwamba alama ya WiFi ikijaa kwenye kioo, basi intaneti ipo. WiFi ni kiungo cha mita chache kati ya kompyuta na kisanduku. Hakijui lolote kuhusu bando lililoisha jana au waya wa faiba uliokatwa na wachimba mtaro. Kompyuta ikiandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, haijipingi. Inasema kiungo cha ndani kizima, tatizo liko mbele yake.

Ndiyo maana nashika ruta kuwa jina la kisanduku chenyewe. Ni neno fupi, silabi zake ni zetu, na halidai kwamba chombo kina kazi moja. Kipanga njia libaki kutaja kazi ile moja, na kazi nyingine nazo zitajwe kwa majina yake, kwa sababu kutafuta ubovu ni kuuliza kazi ipi imekwama.

Jibu linapatikana kwa amri mbili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe: kagua kebo, sogea karibu na ruta, au washa ruta upya ili mgao uanze tena. Ukiona 192.168 au 10, mgao umefanyika. Angalia na anwani ya lango kuu, yaani ya ruta yenyewe. Kuna ubovu mmoja unaowatesa mafundi hapa: mtu ameongeza ruta ya pili ili mawimbi yafike chumbani, nayo inagawa anwani vilevile, hivyo baadhi ya kompyuta zinaelekezwa kwenye lango lisilotoka popote. Dawa ni kuzima ugawaji wa anwani kwenye ile ya pili.

Kisha tumia ping, programu aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983. Ibishie hodi anwani ya lango, halafu 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva iliyo nje kwenye intaneti, halafu jina la tovuti yoyote. Lango likinyamaza, kwa kawaida ubovu uko ndani ya nyumba. Lango likijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, tazama ruta yenyewe, bando na waya wa nje. Kwenye faiba, taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga haufiki, hivyo mpigie mtoa huduma. Namba ikijibu na jina likakataa, DNS ndiyo mgonjwa. Weka seva nyingine kwenye mipangilio ya kompyuta, 1.1.1.1 kwa mfano, na kurasa zitafunguka.

Limebaki jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni la istilahi tupu. Tafsiri zetu zina kuwasha upya na kuweka upya, na msikilizaji wa kwenye simu anaambiwa lolote kati ya hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Kuwasha upya ni kuchomoa umeme, kungoja nusu dakika na kuchomeka tena: kumbukumbu iliyojaa inasafishwa, mipangilio inabaki. Kuweka upya ni kuchoma kile kitundu cha nyuma kwa pini kwa sekunde kama 10, na hapo ruta inarudi ilivyotoka kiwandani. Jina la WiFi mliloliweka linapotea, na mara nyingi pia jina la akaunti na nywila ambavyo ruta ilivitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, hata nyumba iliyokuwa na intaneti ya kusuasua ibaki haina kabisa. Neno upya linaficha hasara hiyo yote. Tuseme kufuta mipangilio, kwenye vitabu vya maelekezo na kwenye simu za huduma kwa wateja, na anayeshika pini aanze kwanza kuandika pembeni nywila ya akaunti yake.